Kurudisha gari ya kukodi Songwe, na ndoo ya migebuka

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia meseji mkidhani nimedisko, teh teh. Sijadisko jamani, nilikuwa nyumbani Kipili kwa siku nne, nikarudi, nikapitiliza moja kwa moja kwenye tesiti mbili. Sasa nimepata nafasi, na stori ninayo.

Kwa wale wa Dar mnaouliza kila siku Kipili ni wapi: Rukwa, wilaya ya Nkasi, pale pale kwenye maji ya Tanganyika, jirani na Kirando. (Na tafadhali, nikisema Rukwa msianze utani wa Sumbawanga na radi. Tumeuchoka tangu shule ya msingi.)

Sababu ya safari ilikuwa bibi. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, la kulia lilishafunga kabisa, na alikuwa amepata tarehe ya kufanyiwa Hospitali ya Rufaa hapa Mbeya siku ya Ijumaa. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anafanya kazi Dar. Akasema bibi hawezi kubanwa kwenye basi kutoka Kipili, atakodi gari. Akapanda ndege mpaka Songwe, mimi nikatoka chuo kumpokea, gari tukaikuta hapo hapo uwanjani, tukaondoka.

Kabla sijaendelea, jina hilo linawachanganya wengi. Uwanja wa Songwe haupo mkoa wa Songwe, upo mkoa wa Mbeya, kabla ya kufika Mbalizi ukitokea Tunduma. Uwanja ulianza kutumika Desemba 2012, mkoa ukaja kuzaliwa 2016. Kuna jamaa wa hosteli alishawahi kwenda kupokea mgeni Vwawa kwa sababu hiyo. Sitamtaja.

Sasa msifikirie mambo ya kwenye sinema, mtu anashuka Marekani anakuta makampuni yamejipanga, akirudi anaacha gari kwenye maegesho yake, anadumbukiza ufunguo kwenye kisanduku, huyo anaenda zake. Sisi tulipigiwa simu, "nipo hapa kwenye parking, gari nyeupe". Kijana mmoja, mpole, mkataba wa kurasa mbili, dhamana shilingi laki tano taslimu. Kaka akahesabu, akatoa. Ile laki tano, naomba muielewe vizuri, haikuwa hela ya ziada. Ilikuwa hela ya jicho la bibi na ya chumba cha shangazi ambaye angekaa Mbeya kumuuguza. Hesabu ya kaka ilikuwa rahisi: gari inarudi Alhamisi, dhamana inarudi Alhamisi, Ijumaa bibi anaingia chumba cha upasuaji.

Mimi nikapiga picha. Nilizunguka ile gari kama fundi: bampa ya mbele, bampa ya nyuma, milango minne, rimu, vioo, spea taya, dashibodi ikiwa imewashwa ili mshale wa mafuta na kilomita vionekane. Kijana akacheka, "dogo unasoma sheria nini?" Nikamwambia nasoma uhasibu. Bampa ya nyuma ilikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kiganja. Nikaupiga picha mbili.

Kwenda sitasimulia sana. Tunduma malori kama kawaida, halafu lami safi kilomita 220 na ushee hadi Sumbawanga, upepo wa Ufipa unapuliza mpaka unavaa sweta mchana. Namanyere kwenda ziwani ndiyo vumbi, kilomita sitini na kitu, na hapo kaka akaendesha kama amebeba mayai.

Bibi hakuwahi kupanda gari ndogo umbali ule. Kwake safari ni Liemba. Njia nzima ni Liemba, Liemba. Ile meli ilijengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927, na bibi anaisimulia kama vile yeye ndiye aliyeiopoa. Mnaifuata na mtumbwi usiku, mnapandia huko huko majini, mtu anakuvuta mkono mwingine anakusukuma, mbuzi wanalia. Nikamuuliza, bibi, dhamana mlikuwa mnaweka kiasi gani? Akauliza dhamana ndiyo nini.

Na bibi hawezi kutoka Kipili mikono mitupu. Alikuja na ndoo ya lita ishirini imejaa migebuka mikavu, zawadi kwa daktari, kwa shangazi, kwangu, kwa yeyote atakayemsaidia. Kaka akajaribu: "Bibi, gari hii si yetu." Bibi akasema, "Basi wapeni na wenyewe." Ndoo ikaingia buti. Tukaifunga mifuko mitatu. Wanaojua migebuka wanajua kwamba mifuko mitatu si kitu.

Alhamisi asubuhi tukamfikisha bibi Rufaa na shangazi, ndoo tukaiacha hosteli kwangu, halafu tukaelekea uwanjani. Ndege ya kaka saa nane mchana. Mafuta tukajaza Mbalizi, tangi limejaa mpaka linatapika, risiti ya EFD nikaweka mfukoni. Saa sita na nusu tupo kwenye parking.

Kijana safari hii hakuwa mpole. Alikuja na mwenzake. Wakaanza na bampa ya nyuma, wakainama, wakatikisa kichwa. "Hapa mmegusa." Laki mbili. Nikatoa simu, picha na tarehe na saa, yeye mwenyewe anaonekana kiatu chake pembeni. Kimya.

Wakahamia kwenye faini. Gari ina deni la trafiki, elfu thelathini, mwendo kasi. Hapo kaka akanywea kidogo, maana tochi za njia ile kila mtu anazijua, unaweza usijue kama umepigwa. Nikasema tuangalie kwenye mfumo, namba ya gari si tunayo? Tukaangalia. Faini ipo kweli, imeandikwa Iringa, wiki mbili kabla sisi hatujaigusa ile gari. Sisi Iringa tumeenda lini?

Halafu mwenzake akafungua buti.

Wadau, sitawadanganya. Ile gari ilikuwa inanukia Kipili. Yule mwenzake alirudi nyuma hatua mbili. Kaka akaniangalia, mimi nikaangalia ndege. Wakasema elfu themanini ya kuosha ndani, kaka akasema arobaini, wakakubaliana arobaini, na mimi naona hiyo ilikuwa haki yao kabisa. Mteja anayefuata labda ni mtalii, anaenda Kitulo kuangalia maua, unampaje gari ile?

Kwa hiyo inabaki laki nne na sitini. Nikadhani tumemaliza. Kijana akasema, "Sawa, ofisi itawatumia ndani ya siku kumi na nne." Siku kumi na nne! Kaka akamweleza habari ya bibi, kwa adabu, kwa kirefu. Jibu: utaratibu wa ofisi. Kwenye mkataba tulisoma mstari kwa mstari, utaratibu huo haupo, imeandikwa tu dhamana itarudishwa gari ikipokelewa.

Saa saba imeshapita. Kaka akaanza kulegea, akanivuta pembeni, "Mdogo wangu, tuache, nitachelewa ndege, nitakopa kazini." Na hapa ndipo nilipokataa. Kaka amekopa kazini tangu bibi aanze kuumwa. Nikamwambia kaka, ufunguo bado ninao mimi. Mkataba unasema gari ikipokelewa. Haijapokelewa. Nikamwambia na kijana vile vile, bila kelele, nikakaa juu ya tairi la lori lililokuwa limechimbiwa pale pembeni. Nimekaa kama mzee wa baraza. Moyo ulikuwa unadunda hadi masikioni, lakini wao hawakujua.

Akampigia bosi. Akampigia tena. Saa saba na dakika ishirini simu ya kaka ikalia: laki tatu imeingia. Laki na sitini "kesho asubuhi". Nikamfanya aandike nyuma ya mkataba, gari imepokelewa nzima, mafuta yamejaa, inadaiwa laki na sitini, jina na sahihi. Ndipo nikatoa ufunguo. Kaka alikimbia na begi mgongoni hata hatujaagana vizuri.

Laki tatu ikatosha jicho. Kesho asubuhi, sasa, ilikuwa Jumatano iliyofuata, saa nne, nikiwa kwenye pindi, tena baada ya simu saba na picha ya ile sahihi kutumwa mara tatu. Chumba cha shangazi siku hizo zote nililipa kwa hela ya kula. Boom halijatoka, mnajua wenyewe, mama wa mesi ana jina langu kwenye daftari lake.

Bibi ameshafunguliwa bandeji jicho la kulia. Aliniangalia muda mrefu, akasema nimekonda, halafu akauliza ndoo yake iko wapi. Ipo chini ya kitanda changu, na rumeti wangu analala kwa jirani tangu Alhamisi ile. Anayetaka migebuka aje na mfuko wake, jioni baada ya saa kumi na mbili, maana kesho nina prezentesheni na bado sijaandika hata ukurasa.