Mji Mrembo Unakuficha Nini?

Wasee, tuambiane ukweli. Mtu akirudi kutoka ng'ambo, kitu ya kwanza tunaitisha ni picha. Hakuna mtu huuliza, "Uliskia nini huko?" Mimi niko na picha za Urusi kwa simu tangu Agosti 2019, zile za makanisa ya kuba za dhahabu, na kila nikiweka moja mnaniambia maisha ndo hayo. Sawa, ni poa. Lakini leo wacha niwaambie yale hayakuingia kwa picha, juu naona ndiyo ya maana.

Tulikuwa watu 28 kwa basi moja, siku nane. Wakenya tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu niliyekuwa nasoma naye huko. Tulianza St Petersburg, tukashuka Moscow, halafu tukazunguka miji ya zamani iliyo kaskazini mashariki mwa Moscow, inayoitwa Pete ya Dhahabu. Usidhani hilo jina ni la kale. Lilitungwa 1967 na mwandishi wa gazeti, Yuri Bychkov. Miji ni ya karne nyingi, lakini pete ni ya juzi.

Safari ya kikundi ina raha yake. Bei inashuka, huhangaiki na lugha, na hata ukipotea kuna mtu atakuhesabu. Shida ni moja: saa. Dakika ishirini, picha, choo, rudi kwa basi. Ukiuliza swali refu, watu 27 wanakuangalia vibaya.

Hiyo saa karibu itunyime kitu kikubwa St Petersburg. Ratiba ilikuwa na makaburi ya Piskaryovskoye, na wengi kwa basi wakataka tuyaruke twende kununua zawadi. Ikapigwa kura kwa kuinua mikono. Makaburi yakashinda kwa kura mbili, na mnajua hizo mbili zilitoka wapi.

Hapo hakuna kuba ya dhahabu. Kuna matuta marefu ya nyasi, na kila tuta lina jiwe lenye mwaka tu: 1942, 1942, 1942. Hakuna majina. Karibu watu nusu milioni wamezikwa hapo, wengi wao raia wa kawaida waliokufa wakati Wajerumani waliuzingira mji, kutoka Septemba 1941 hadi Januari 1944. Siku 872. Kuna wakati mgao wa mtu asiyefanya kazi ya kiwanda, hata mtoto, ulikuwa gramu 125 za mkate kwa siku. Chukua ule mkate wetu wa gramu 400, ugawe mara tatu. Kipande kimoja, na hata hakifiki. Ndiyo siku nzima. Niliona watu wameacha peremende na vipande vya mkate juu ya nyasi. Walewale waliotaka zawadi walinyamaza mpaka tukafika hoteli.

Kutoka hapo nikaanza kuskiza tofauti. Moscow, kila mtu anapiga picha Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, jeupe, kubwa ajabu. Kumbe lile la kwanza lililipuliwa 1931 kwa amri ya serikali ya Stalin. Baadaye pale pale pakachimbwa bwawa la kuogelea, watu wakaogelea hapo miaka na miaka. Hili tunaloona lilijengwa upya na kuwekwa wakfu 2000. Kwa hivyo unapiga picha kitu cha "kale" ambacho huenda wewe umekizidi umri.

Kostroma kuna monasteri ya Ipatiev. Mwaka wa 1613 ujumbe ulimfuata hapo kijana wa miaka 16, Mikhail Romanov, kumwambia amechaguliwa kuwa mfalme. Ukoo wake ukatawala miaka 300. Mfalme wa mwisho na familia yake waliuawa 1918 kwenye nyumba moja huko Yekaterinburg, na jina la mwenye nyumba lilikuwa Ipatiev. Hiyo hata mtunzi wa filamu ungemwambia amezidisha.

Suzdal ndiyo ilinimaliza. Mji mdogo, mto, nyumba za mbao, na kinywaji cha asali wanaita medovukha. Rafiki yangu alionja akasema hii ni binamu ya muratina. Reli ilipitia Vladimir ikaiacha Suzdal kando, ndiyo maana haikukua na ikabaki mrembo. Nikajifunga leso kichwani, ile mama alinifungia kwa mzigo, nikaingia monasteri ya Mtakatifu Euthymius. Kengele zinalia, maua kila mahali. Halafu mwongozaji akasema bila kubadilisha sauti: hapa palikuwa jela. Malkia Catherine II alianzisha gereza hapo karne ya 18, na wakati wa Vita vya Pili jenerali wa Hitler aliyeshindwa Stalingrad, Paulus, alizuiliwa humo humo.

Ukitoka Mombasa hiyo haikushangazi sana. Fort Jesus tunayopeleka wageni ilikuwa jela ya Waingereza kutoka 1895 hadi 1958.

Mnaniuliza sana kama ningerudi. Sasa hivi, hapana. Nchi iliyozika watu wote wale Piskaryovskoye inajua vita ni nini, na bado Februari 2022 jeshi lake likavamia Ukraine. Na kuna vijana wetu walioenda huko wakifuata kazi wakajipata vitani. Siwezi kuwauzia Urusi kwa picha za kuba na ninajua hayo.

Lakini pia siwezi kusema nachukia. Wale watu waliacha mkate juu ya nyasi. Mji na serikali yake si kitu kimoja, na mtu akikuambia ni kimoja, anataka usifikirie.

Kwa hivyo ukienda popote, iwe Suzdal, iwe Lamu, piga picha zako, hakuna mtu anakukataza. Lakini kabla basi liondoke uliza maswali mawili: nani alijenga hapa, na nani alifungiwa hapa? Wakikuambia saa imeisha, itisha kura.