Kuku wa Barua Pepe na Kuku wa Tenga

Mwishoni mwa mwaka 2014, katika mahakama ya Southwark jijini London, neno "kuku" lilisaidia kuwatia watu hatiani. Kampuni ya uchapaji ya Smith & Ouzman, yenye makao mjini Eastbourne, ilikuwa ikichapa karatasi za kura na nyaraka za mitihani kwa nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Katika barua pepe zilizopita kati ya wakubwa wa kampuni na wakala wao wa Kenya, kuku walitajwa kwa namna isiyotarajiwa kwa watu wanaouziana karatasi. Mahakama iliridhika kwamba kuku huyo alikuwa hongo ya maofisa wa umma. Wakenya wakaibatiza kashfa hiyo Chickengate, na jina likashika.

Hapa Busia habari hiyo haikumshangaza mtu mzima yeyote. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili, na mpakani watu wamezungumza kwa mafumbo tangu enzi za wazee wetu. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa kupaa duniani, kahawa ya Uganda ya Idi Amin ilivushwa kwa magendo hadi Kenya, na soko la Chepkube, huko Mlima Elgon, likatajirisha watu kwa muda mfupi. Hakuna aliyesimama njiani akatangaza kwamba amebeba kahawa. Hadi leo mzigo unaopita njia za panya hautajwi kwa jina lake kwenye simu. Na anayekuomba hongo haombi hongo. Anaomba chai, au kitu kidogo, au anakuuliza kama umeamka salama huku mkono wake ukiwa wazi.

Ndiyo maana siwezi kumcheka mtu anayedhani kuna siri nyuma ya neno la kawaida. Tumelelewa na maneno hayo na tumelipa kwa ajili yake. Anayesema kwamba shaka ni ugonjwa wa wajinga hajawahi kusukuma mkokoteni kupita kizuizi.

Lakini kuna kisa kingine cha barua pepe, nacho kimenikaa moyoni kwa miaka. Oktoba 2016, WikiLeaks ilianza kuchapisha barua pepe zilizoibwa za John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton. Zilikuwa maelfu, nyingi zikiwa za kupanga mikutano na chakula. Watu wasiojuana, kila mmoja nyumbani kwake, wakaanza kuzichambua. Waliona piza imetajwa, wakaona jibini, wakaona barua moja ya kitambaa cha mkononi kilichosahauliwa chenye mchoro wa ramani. Wakakubaliana kwamba chakula hicho ni watoto, na kwamba watoto hao wamefungiwa katika mkahawa wa piza wa Washington uitwao Comet Ping Pong. Tarehe 4 Desemba mwaka huo, kijana wa miaka 28, Edgar Maddison Welch, aliendesha gari kutoka North Carolina akaingia mkahawani humo na bunduki. Alifyatua risasi, akatafuta kila mahali. Hakukuwa na mtoto aliyefungwa. Hakukuwa hata na chumba cha chini ya ardhi ambacho watu walikuwa wamekisimulia kwa kina. Alijisalimisha, na mwaka 2017 akahukumiwa miaka minne jela.

Bunduki si jambo linaloniumiza zaidi katika kisa hicho. Kinachoniumiza ni kwamba Welch alikuwa baba wa watoto, na alikwenda akiamini anaokoa watoto. Hakusukumwa na chuki, alisukumwa na huruma. Huruma ikishaamini, haiulizi.

Nimeiona huruma ya aina hiyo kwa macho yangu. Jirani yangu upande wa Uganda ni mama anayenunua kuku wa kienyeji katika vijiji vya Tororo na kuwauza Busia ya Kenya. Siku moja alimwandikia mteja wake ujumbe, akautuma kwa bahati mbaya kwenye kundi kubwa la wafanyabiashara. Ulisema wadogo wameshafika kwa shangazi, na wakubwa atawavusha usiku. Kabla ya saa sita mchana picha ya ujumbe huo ilikuwa imezagaa pande zote mbili za mpaka, ikiwa imezungushiwa duara jekundu kwenye kila neno. Wadogo ni watoto. Shangazi ni mama mkubwa wa biashara ya watoto. Kuvusha hakuhitaji maelezo. Kila neno lilikaa mahali pake kama ufunguo kwenye kufuli. Jioni vijana wa boda boda walijaa getini kwake, na miongoni mwao walikuwamo akina baba ninaowaheshimu, watu wanaolipa karo za watoto wa ndugu zao.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemwokoa. Alifika kwa miguu, akasalimia, akapita katikati ya watu. "Mama, samahani sana," alisema, "tufungulie tenga tuone." Yule mama hakuwa na sauti. "Baba, fungueni wenyewe." Matenga yakafunguliwa, kuku wakatoka. Shangazi naye akapigiwa simu, akaja, akiwa shangazi kweli, dada wa baba yake, anayemhifadhia kuku wadogo uani kwake.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Walio wengi waliondoka wakiona aibu, lakini wapo waliobaki wakinong'ona kwamba kuku wamewekwa pale makusudi kuwazuga watu. Washington ilikuwa vivyo hivyo: Welch alipotoka mikono mitupu, baadhi ya waliokuwa wamesambaza habari walisema yeye mwenyewe ni mwigizaji aliyepangwa. Tangu jioni ile nimeacha kuuliza kama tafsiri ya neno inafaa, kwa sababu tafsiri ya werevu hufaa siku zote. Ninauliza ni kitu gani, kikionekana, kitamfanya mwenye tafsiri akubali kuiacha. Kama hakipo, basi tenga likifunguliwa au lisifunguliwe, kwake ni mamoja.

Sasa turudi kwa kuku wa London, maana naye alikuwa neno la kufichia, na tafsiri yake ilikuwa sahihi. Wapelelezi wa ofisi ya Uingereza inayoshughulikia ulaghai mkubwa hawakuishia kwenye neno. Walianza uchunguzi mwaka 2010 na kesi ikaamuliwa baada ya miaka minne. Walifuata mikataba, wakafuata kamisheni iliyozidi kiasi cha kazi ya wakala, wakafuata fedha zilivyohama. Malipo yaliyothibitishwa, ya Kenya na ya Mauritania pamoja, yalikuwa pauni 395,074, kati ya mwaka 2006 na 2010. Washtakiwa walipata nafasi ya kujieleza mbele ya jopo la raia waliokula kiapo. Mmoja wao, Nicholas Smith, alifungwa miaka mitatu, na baba yake Christopher, mwenyekiti wa kampuni, alipewa kifungo cha nje. Mwaka 2016 kampuni iliamriwa kulipa takriban pauni milioni 2.2, na sehemu ya fedha ikarudi Kenya mwaka uliofuata, ikanunua magari ya wagonjwa.

Ukiliondoa neno "kuku" katika kesi hiyo, hesabu za fedha zinabaki na bado zinashtaki. Ukiliondoa neno "piza" katika kisa cha Washington, hakibaki kitu. Nimewasimulia vijana wa mtaani kwetu tofauti hiyo mara nyingi, na huwa wananisikiliza zaidi ninapowatajia karatasi za kura kuliko ninapowataka wawe na subira.

Uvumi wa aina hii una historia ndefu kuliko simu. Wakati wa ukoloni watu wa Kampala, Nairobi na kwingineko walisimulia kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu, na Pwani watu waliwaogopa mumiani. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo Siaya na Kampala, akayatolea kitabu mwaka 2000, naye aliyachukulia kama ushahidi wa namna watu walivyouona utawala uliowachukulia kazi, ardhi na miili. Nakubaliana naye. Uvumi husema ukweli fulani kuhusu hofu yetu hata pale unapomsingizia mtu. Tatizo ni kwamba hofu haina geti. Wanaoendewa getini ni majirani.

Na hofu ya mpaka huu ina msingi. Watoto kutoka Karamoja wamesafirishwa hadi Kampala na Nairobi wakafanyishwa kazi za nyumbani na kuombaomba, na mpaka wetu una mianya mingi. Hilo si fumbo, na watoto hao hawahitaji mtu wa kusoma herufi kwa darubini ili waonekane. Wanakaa kwenye viti vya basi mchana kweupe, kimya, na mtu asiyejua majina yao yote. Kondakta anaweza kumuuliza mtoto anakwenda kwa nani. Muuza chai wa stendi anaweza kugundua kwamba mtu yuleyule jana alipita na watoto wengine. Jioni ile walipojaa getini kwa muuza kuku, mabasi yaliendelea kupita barabara kuu, na hakuna aliyekuwa akitazama ndani yake.

Yule mama bado anauza kuku. Miezi kadhaa baadaye mwanawe alikuwa akiulizwa shuleni ni watoto gani mama yake anawauza, na kati ya waliosambaza ile picha sijasikia hata mmoja aliyekwenda kumwomba radhi mtoto huyo. Hilo ninaliona ni deni, na liko juu yao hadi leo.

Ndugu msomaji, ukiwa Malaba, Tororo au Busia yoyote kati ya hizi mbili, ukamwona mtoto ambaye safari yake inakutia wasiwasi, usiandike fumbo kwenye kundi. Piga 116. Nambari ni hiyo hiyo Uganda na Kenya, na simu hailipiwi.