MPENI MTOTO NENO LA KUSEMA

Najua wengi mmekuja kutafuta habari za yule staa na mchumba wake mpya. Nivumilieni, hao wawili hata wiki ijayo watakuwepo. Leo nina jambo la watoto na jukwaa, na kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa burudani, na maigizo ni burudani, basi sijatoka nje ya mstari.

Mimi shule niliishia fomu foo, ila maigizo ya mtaani nimeyacheza sana, na kuna kitu kimoja nimejifunza huko. Mtoto ukimsimulia jambo anaweza kulisahau kesho yake. Ukimpa aliigize, halimtoki. Sasa hapo ndipo penye uzuri na hapohapo ndipo penye hatari. Nikiwa darasa la tano, mwenzetu mmoja alipewa nafasi ya mwizi kwenye igizo la mahafali. Aliiweza kwelikweli, wazazi walicheka mpaka machozi. Igizo lilikuwa la dakika kama 20 tu, lakini jamaa aliitwa Mwizi mpaka tunamaliza la saba, na mtaani wapo wanaomwita hivyo mpaka leo.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mpwa wangu. Dada yangu anaishi Marekani na mume wake, wana binti wa miaka 10. Kule mwezi wa pili wote ni Mwezi wa Historia ya Watu Weusi. Ulianza kama wiki moja mwaka 1926, mwanzilishi wake akiwa mwanahistoria mweusi, Carter G. Woodson, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa. Yule mzee aliona shule zinafundisha historia kana kwamba mtu mweusi hakuwahi kufanya lolote duniani. Mwaka 1976 ile wiki ikawa mwezi mzima.

Basi mwalimu wa mpwa wangu akaamua darasa lisisome tu, liigize. Wazo zuri sana. Tatizo likaja kwenye kugawa nafasi. Binti yetu akapewa kuwa mtumwa anayeuzwa mnadani. Asimame juu ya meza, mikono ifungwe kamba, halafu wenzake wawe wanapandisha bei. Watoto weusi darasani kwao wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Dada alinipigia usiku, huku saa nne, kwao mchana. Alikuwa amefura. Alitaka siku ya igizo mtoto asiende shule kabisa. Nikamwomba nizungumze na mtoto mwenyewe. Nikamuuliza, "Sasa mama, wewe hapo juu ya meza unasemaje?" Akanijibu, "Anko, mimi sina neno. Nasimama tu."

Jamani, hilo jibu lilinikaa. Kila mtoto wa darasa lile ana sentensi yake, mnunuzi ana sentensi, mnadishaji ndiyo usiseme. Anayetolewa historia yake ndiye hana hata neno moja.

Nikamwambia, "Dada, shikamoo, hasira zako nazielewa, lakini usimtoe mtoto jukwaani. Omba abadilishiwe nafasi." Dada akaniuliza, "Abadilishiwe awe nani, mdogo wangu? Mimi mwenyewe wa kumtaja simjui." Basi usiku ule bando langu lote likaishia kwenye kusoma, na nilichokikuta huko kilinikosesha usingizi.

Kuna kijana anaitwa Robert Smalls. Mwaka 1862, Wamarekani wakiwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, yeye alikuwa mtumwa na mshika usukani wa meli inaitwa Planter, bandari ya Charleston, South Carolina. Alikuwa na miaka 23, yaani mdogo kuliko mimi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei, maofisa wazungu walikwenda kulala nchi kavu. Smalls akavaa kofia ya majani ya kapteni, akaondoa meli na watumwa wenzake, akapitia kuwachukua mke wake, watoto na familia nyingine. Mbele yao kulikuwa na ngome zenye mizinga. Kila walipopita, alitoa ishara za filimbi ya meli zilezile ambazo kapteni hutoa, na akasimama kama kapteni anavyosimama. Kwenye giza lile wakaonekana ni wenyewe, wakaachiwa wapite. Walipofika kwa jeshi la upande wa pili, walipandisha shuka jeupe ili wasipigwe risasi. Miaka ya baadaye jamaa alichaguliwa kuwa mbunge kwenye Bunge la Marekani.

Kuna pia Ellen Craft na mume wake William, watumwa kutoka Macon, Georgia. Mwaka 1848 Ellen, ambaye ngozi yake ilikuwa nyeupe, alijivika mavazi ya kiume akajifanya bwana tajiri anayeumwa, na mume wake akajifanya mtumwa wake. Ellen hakujua kuandika, kwa hiyo alifunga mkono bandeji ili asiambiwe aweke saini hotelini. Walipanda treni na meli mchana kweupe siku nne, wakaingia Philadelphia sikukuu ya Krismasi wakiwa huru.

Mmeona? Hawa watu uhuru wao waliupata kwa kuigiza! Hakuna mazoezi, hakuna kurudia, ukikosea umekwisha. Sasa mtu una hadithi za namna hii, halafu unamfunga mtoto kamba unamwambia asimame kimya?

Dada akaenda kuongea na mwalimu, kwa upole. Kusema ukweli mwalimu hakuwa mtu mbaya, alisikiliza. Ila mzazi mmoja akalalamika kwamba tunataka kuupaka utumwa asali. Hoja hiyo siidharau, kwa sababu maumivu yale hayafai kufichwa. Ila mtoto akiwa ndani ya ile meli, anajua vizuri kabisa anakimbia nini. Mnada haukufutwa, ulibaki ukisimuliwa na watoto wawili waliosimama pembeni. Kilichoondoka ni kamba.

Meli ilitengenezwa kwa maboksi, darasa zima likaingia ndani, weusi kwa weupe. Mpwa wangu ndiye Smalls, amevaa kofia ya baba yake ya bustanini. Dada alinirushia video ya mazoezi. Wanapofika kwenye ngome, watoto wote wametulia tuli, hakuna anayecheka. Usiku ule mtoto akaniuliza, "Anko, watoto wake walijua wasilie?" Hilo swali huwezi kulipata kwa kumkaririsha mtoto tarehe. Na siku hizi shuleni wanamwita Kapteni.

Wamarekani weusi hili wanalijua muda mrefu. Mwaka 1913 msomi wao, W.E.B. Du Bois, alipeleka jukwaani New York igizo kubwa, The Star of Ethiopia, lenye mamia ya waigizaji, likionyesha historia ya mtu mweusi kuanzia Afrika. Na kwenye Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1966, nguzo zake saba zote zimepewa majina ya Kiswahili, na ya sita inaitwa Kuumba. Yaani neno letu hili ndilo mtoto wa kule anafundishwa pale anapotakiwa kutumia mikono na sauti yake.

Sasa na sisi tujiangalie. Tunaye Ebrahim Hussein, ambaye mwaka 1969 alituletea tamthilia ya Kinjeketile kuhusu Vita vya Majimaji. Wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukajibu maswali ya wahusika na dhamira, tukafunga kitabu. Wangapi tulisimama tukayatamka yale maneno kwa sauti zetu? Mahafali zinakuja, na najua maigizo yatakuwa yaleyale, mlevi, mwizi na mganga. Walimu na wazazi mnaopita hapa, hebu safari hii mtafuteni mtu mmoja kwenye historia yetu aliyefanya jambo, mumpe mtoto awe yeye, na mumpe cha kusema.

Wewe ungempa mwanao awe nani? Tuandikie hapo chini.