Hujamaliza

Ukipita Lembeni kwa basi hutakumbuka kitu. Iko kati ya Same na Mwanga: vumbi, upepo, maduka pembeni mwa barabara kuu, reli ya Tanga, na juu yake milima ya Upare, ya kijani, kana kwamba mvua yote wamepewa wao. Nimezaliwa hapo. Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza kwetu wapi, nimekuwa nikijibu "Kilimanjaro" na kubadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo rafiki yangu Mhispania (jina hataki nilitaje) aliposema anakuja kukaa kwetu wiki nzima, nilimpa sababu nne za kwenda Zanzibar. Hakuzisikiliza. "Wewe ulilala kwetu siku kumi na mbili," akanikumbusha. Ni kweli. Kwao ni kijiji cha Alpujarra, mkoa wa Granada, na mama yake alinilisha mpaka nikaona haya. Deni ni deni.

Siku ya kwanza alimwamkia mtoto wa kaka yangu, wa miaka minne, shikamoo. Mtoto akaitikia marahaba kama mzee wa ukoo. Siku ya pili nilimkuta jikoni na mama, wanacheka. Hawana hata lugha moja ya pamoja, lakini mama anagonga meza, anasema meza. Mgeni anasema mesa. Sukari, azúcar. Limau, limón. Bendera iliyo kwenye kalenda ukutani, bandera. Mama akanigeukia: "Kumbe umeshamfundisha Kiswahili?" Nikaanza kueleza habari za Wareno, na za Waarabu waliofika kwetu na kwao pia. Akaniambia nichambue maharage.

Usiku tulikula makande ya maziwa. Mgeni aliongeza mara mbili. Baba alikuwa kimya, kisha akasema, "Kesho kuna msaragambo kwenye ndiva. Mgeni wako ataweza kupanda?" Mimi hakuniuliza.

Kwa asiyejua: ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo Wapare wamelijenga milimani tangu zamani. Maji ya kijito yanakusanyika usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, na maji yanashuka kwenye mifereji kwenda mashambani kwa zamu. Tope likijaa, watu wanaitana kulizoa. Huo ndio msaragambo, kazi ya wote. Familia nyingi za tambarare bado zina kipande cha shamba huko juu. Sisi pia tunacho, na hilo nililijua kwa namna mtu anavyojua tarehe ya kuzaliwa ya binamu yake.

Baba alifanya kazi reli hadi alipostaafu. Ana zaidi ya miaka sabini na magoti mabovu, lakini alitutangulia njia nzima. Tulipofika, watu walishaanza, majembe na karai. Rafiki yangu akasimama ukingoni, akaangalia tope, akaangalia mfereji unaoshuka ukikata mteremko, akasema hiki wanacho kwao. Wanaita acequia, neno walilolipata kwa Kiarabu. Mifereji mingi ya Alpujarra ilichimbwa enzi za Waislamu waliotawala Granada hadi mwaka 1492.

Baba akataka kujua wanagombana au hawagombani. Nikatafsiri. Wanagombana sana, akajibu, na Valencia kuna baraza la wakulima linalosikiliza kesi za maji mlangoni mwa kanisa kuu, kila Alhamisi saa sita mchana. Kesi zinasemwa kwa mdomo tu. Mwaka 2009 UNESCO ililitambua kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

"Kila Alhamisi?" Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Mwambie hao ni Wapare!" Ikabidi nimweleze mgeni ule utani wa nchi nzima, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku.

Baba hakuishia hapo. "Mwambie zamu yetu ni Jumatano."

Nikamwambia.

"Mwambie ndugu zangu walitaka kile kipande cha chini apewe mtoto wa kiume. Nikawakatalia. Nikasema ni cha binti yangu."

Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Nikatafsiri "binti mmoja".

"Mwambie huyo binti ana miaka tisa hajakanyaga hapa. Asiyekuja msaragambo anapoteza maji. Kwa hiyo nakuja mimi, nazoa tope kwa jina lake."

Kazi yangu ni kunukuu watu. Najua kabisa maana ya kukata maneno ya mtu. Nikasema kwa Kiingereza: "Anasema kwenye familia watu wanasaidiana."

Rafiki yangu alinitazama. Maneno yote yale, yametoka mafupi hivyo? Baba naye alikuwa ananitazama.

"Hujamaliza," akasema. "Vitabu vya reli vilikuwa kwa Kiingereza, mwanangu. Hujamaliza."

Nikayasema yote, macho yangu kwenye tope.

Rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akamjibu baba, si mimi. Zamu ya babu yake ilikuwa Jumamosi usiku. Babu alipofariki hakuna aliyerudi, wote wako Madrid, na mfereji ukamezwa na miiba. Siku hizi watu wa Chuo Kikuu cha Granada pamoja na wanaojitolea wanafukua mifereji ya zamani kwenye milima ile. Yeye habari hizo alizisoma kwenye simu.

"Muulize, maji yalirudi?"

"Anasema sehemu nyingine, ndiyo."

Baba akampa karai. Mimi akanipa jembe.

Basi letu la Dar lilikuwa Jumatano. Nikasogeza tiketi hadi Alhamisi, na wakala hakukosa kunitoza.

Jumatano alfajiri nilisimama kwenye kile kipande, maji yakafika, na sikujua pa kuziba wala pa kufungua. Yakavuka tuta yakaingia kwenye maharage ya jirani. Mama mmoja akatoka akaniporomoshea Kipare cha haraka, kidole juu, huku akionyesha upande wa ofisi ya kijiji.

"Anasema nini?" akauliza rafiki yangu.

Nikamtafsiria yote.