Nilimdanganya Mume Wangu Kuhusu Kovu

Wapenzi wasomaji, kila mwezi ninyi ndio mnaotuletea siri zenu, na kazi yangu mimi ni kuweka nukta na mkato mahali pake. Mwezi huu zamu ni yangu. Msinicheke sana.

Yote yalianza Jumamosi moja usiku, nyumbani kwetu Sinza. Tulikuwa na wageni wachache, pilau limeshuka, watoto wamelala. Kati ya wageni alikuwepo shoga yangu tuliyesoma wote chuo kikuu, shahada ileile ya mawasiliano, ambaye baadaye alikwenda Norway kusoma shahada ya pili. Basi akaanza kutusimulia jinsi wenzake wa kule walivyomlazimisha kujifunza skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao mbili miguuni.

Mbavu hatukuwa nazo! Eti siku ya kwanza alikaa kwenye viti vile vinavyoning'inia kwenye waya, vinavyowapandisha watu mlimani. Kufika juu, wenzake wakashuka vizuri, yeye akang'ang'ania kiti kwa woga, kikaanza kumrudisha bondeni. Akaruka. Akala mweleka mbele ya watoto wa chekechea waliokuwa wanateleza kama bata majini. Akasema mwanzo wa msimu ndio mbaya zaidi, maana theluji inakuwa nyembamba na mawe yamejificha chini yake. Unaona kweupe, unajua ni salama, kumbe jiwe linakungoja.

Kisha akatuambia jambo lililoninyamazisha. Vile viti vya kupandia mlimani vilianza mwaka 1936 huko Sun Valley, jimbo la Idaho, Marekani. Mhandisi aliyevibuni, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alichukua wazo lake kwenye mitambo ya kupakia ndizi melini. Ndizi, jamani! Palipokuwa na ndoano ya kubeba mkungu, yeye akaweka kiti cha kubeba mtu.

Nikacheka kwa sauti. "Basi hata mimi nimecheza skii," nikasema. "Na lifti nimepanda. Busunzu."

Wakanitazama. Si unajua watu wa Dar, ukitaja Kigoma wanajua mwisho wa reli tu, na dagaa, na mawese. Ikabidi nieleze. Kwetu Busunzu, kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, ni nyanda za juu. Ziwa Tanganyika liko mbali, na ukitaka kwenda popote ama unapanda ama unashuka. Watoto tulikuwa tunachuna magamba ya mgomba, yale mapana yenye utelezi, tunakalia, tunashuka nayo kwenye nyasi zilizolowa. Gauni la shule likirudi nyumbani na tope la matakoni, mama haulizi, anachuma fimbo.

Na wakubwa walikuwa na skii yao, nayo ni baiskeli. Phoenix ya Mchina, keria nyuma, mikungu mitatu ya ndizi imefungwa kwa mpira wa tairi. Mlima wa kupanda unaisukuma mpaka jasho linaingia machoni. Mteremko unaiachia. Na lifti? Lori likipita linakohoa mlimani, vijana wanadandia kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika usukani. Wenzetu wa Burundi, wale wa kwenye barabara ya kushuka Bujumbura, walijulikana kwa mchezo huo kuliko sisi. Ni hatari tupu, na wapo waliokufa, lakini ukiwa na miaka 16 nani anakumbuka kifo?

Meza nzima ikacheka. Kila mmoja akatoa kisa chake cha kuanguka. Mmoja alidondoka kwenye daladala, mwingine alianguka kanisani siku ya harusi ya dada yake. Ndipo mume wangu, kwa mapenzi kabisa, akaniwekea mkono juu ya nyusi ya kushoto, penye kovu langu, akasema: "Na huyu wangu alianguka kwenye netiboli, akagonga nguzo ya goli. Au siyo, mama?"

Nikasema, "Ndiyo."

Mpenzi msomaji, sikuwahi kugonga nguzo ya goli maishani mwangu. Hata netiboli sijui.

Usiku ule sikulala. Yeye anakoroma, mimi nahesabu feni. Uongo ule niliutoa tukiwa tunachumbiana, siku ya kwanza aliponishika uso na kuniuliza. Ulikuwa uongo mdogo, wa haraka. Sasa una miaka 11 na bado unakula na sisi mezani. Na sababu yake siyo aibu ya kuanguka. Sababu ni kaka yangu.

Ilikuwa Oktoba 2000. Mimi nina miaka 11, kaka ana 16, yuko kidato cha pili, ndiye kichwa cha familia. Baba alikuwa akiwaambia watu kwamba huyu atakuja kuwa mwalimu mkuu. Siku hiyo tulitoka gulioni, ndizi zimeisha, mimi nimekaa kwenye keria. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha mchana. Mtu asiyeijua barabara ya udongo hawezi kuelewa. Kiangazi chote, tangu Juni, vumbi jekundu linalala juu ya ardhi ngumu. Mvua ya kwanza ikigusa, vumbi lile linakuwa sabuni. Ikishanyesha wiki mbili tatu, barabara inapata shimo na kokoto, tairi linapata pa kushika. Lakini siku ile ya kwanza? Shoga yangu wa Norway angeielewa mara moja.

Tukafika juu ya mteremko mrefu. Kaka akasita. Nakumbuka alivyogeuza shingo akanitazama. Na mimi, kwa akili zangu za miaka 11, nikampiga mgongoni nikapiga kelele: "Kaka, usishike breki! Tupae!"

Tukapaa kweli. Upepo, miti ikikimbia, mimi nacheka. Chini kulikuwa na daraja dogo la magogo. Hatukulipata. Mimi niliruka nikatua kwa uso kwenye jiwe, ndiyo hili kovu. Kaka alibaki chini ya baiskeli na mguu wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Mguu ule ulikula kila kitu. Bibi fundi wa mifupa aliufunga kwa vijiti, haukukaa sawa, ikabidi apelekwe hospitali. Hela ya maharage ikaisha, ada ikaisha. Mtihani wa kidato cha pili ulifanyika yeye kalala kitandani. Mwaka mpya ukafika bado anatembelea fimbo. Baba akasema kwa hasira kwamba hawezi kumsomesha mtu mzembe anayebeba mtoto wa mwenzake kama gunia. Kaka hakujibu. Hakurudi shule. Alipopona akarudi kwenye ndizi, na ndizi zile, mpenzi msomaji, ndizo zilizonilipia ada mimi mpaka nikamaliza kidato cha sita. Yeye akasukuma baiskeli mlimani kwa mguu unaochechemea, mimi nikasoma.

Wala sikuwahi kumwambia mtu kwamba ni mimi niliyesema usishike breki.

Novemba iliyopita nikamwambia mume wangu, twende Busunzu. Alishangaa. Alikuwa amefika mara moja tu, siku ya kupeleka mahari, akageuza kesho yake kwa sababu ya kazi. Tukafunga safari na watoto, basi la Kigoma, usiku na mchana, mpaka miguu ikavimba. Siku hizi lami imefika, mambo yamebadilika. Ule mteremko wetu tuliupita ndani ya gari kwa sekunde chache, nikageuza uso upande wa pili.

Mama alitupokea na "Mwakeye!" yake na ugali wa muhogo, migebuka na maharage yaliyoungwa mawese. Watoto wangu walipogundua migomba, wakapotea. Baada ya saa moja walirudi wekundu kama matofali. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Fimbo siku hizi hachumi tena, wajukuu wana bahati.

Jioni kaka akaja. Ana pikipiki sasa, anabeba abiria, lakini bado anachechemea. Tukakaa uani, na mume wangu, mtoto wa mjini anayependa hadithi, akamwambia: "Shemeji, nasikia huku ndiko kuna skii. Hebu nipe kisa kimoja cha kuanguka."

Kaka akacheka. Akatoa cha kwanza, cha jirani aliyeshuka na mikungu, ndizi zikafika chini kabla yake. Akatoa cha pili. Kisha kimya. Mimi moyo unanidunda kama ngoma. Nikasema, "Kaka, simulia ule wetu."

"Ule ulishakwisha," akasema.

"Basi nitausimulia mimi." Nikausimulia wote, mbele ya mume wangu, mbele ya mama. Nilipofika kwenye "usishike breki" sauti ikakatika. Nikamaliza hivyohivyo na kamasi.

Kaka alikaa muda mrefu anachora chini kwa kijiti. Halafu akasema: "Hata ungesema shika, ningeshika nini? Raba za breki zilikuwa zimekwisha tangu mwezi wa nane. Baba alinipa hela ya kununua nyingine, nikaila. Kule juu niligeuka kukutazama nikuambie ushuke tutembee. Ukasema tupae. Nikaona aibu kukwambia breki hazipo."

Mama akashika kichwa. Kaka akaendelea, taratibu: "Miaka yote nimekuwa naogopa utakuja kuniuliza. Nikikuona na lile kovu, nasema leo ataniuliza."

Jamani. Watu wawili, tumbo moja, miaka 25, kila mmoja kabeba gunia akidhani ni lake peke yake.

Nisiwadanganye kwamba tulikumbatiana na muziki ukapigwa. Usiku huohuo mume wangu aliniuliza gizani, "Miaka 11 unaniambia netiboli. Kuna nini kingine?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Sijui nitajuaje." Akageukia ukutani. Kauli ile iliniuma kuliko lile jiwe. Nilitaka kumjibu kwamba ni kitu kidogo, kovu tu, lakini nilijua siyo kidogo. Alichokuwa hakijui ni mtu aliyenilipia mimi kuwa mimi. Kila Krismasi amekuwa akimwita kaka yangu "shemeji wa pikipiki" kwa utani, nami nacheka naye.

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda kitupu. Nikatoka nje. Mume wangu alikuwa barabarani kwenye baiskeli ya jirani, kaka anamkimbilia pembeni kwa ule mguu wake, watoto wanapiga kelele nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Kwenye lami alikwenda vizuri, kijana wa Ilala, akapata kiburi, akakata kona kuingia njia yetu ya udongo. Hata mita tano hakumaliza. Chali! Akabaki amelala kwenye tope anatazama mawingu, halafu akaanza kucheka, na kaka akainama akampa mkono.

Nilimkumbuka mtu mmoja ambaye shoga yangu alitusimulia usiku ule wa pilau. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji, hakuwahi kuiona theluji hadi 1996, lakini mwaka 1998 alikuwa kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alikataa kuondoka kwenda kuvishwa medali, akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Boit baadaye akampa mwanawe jina hilo, Daehlie. Mimi nilifika mstarini kwanza, nikapewa joho na kofia, nikapigwa picha. Sikugeuka nyuma kuona nani bado anasukuma.

Siku ya kuondoka nilimwuliza kaka nimfanyie nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kikubwa, hata mkopo wa benki. Akafikiri, akasema: "Binti yangu anaingia kidato cha kwanza Januari, na shule iko mbali. Mnunulie baiskeli." Halafu akatabasamu. "Yenye breki."

Tumeinunua, mimi na baba watoto. Aliyekagua zile raba za breki dukani, mbele na nyuma, mara tatu, ni yeye. Bado ananiuliza maswali siku hizi, kuhusu mambo madogo madogo, na mimi najibu ukweli hata pale ambapo uongo ungekuwa mwepesi. Wiki iliyopita mgeni aliliulizia kovu langu. Mume wangu akanitazama, akaningoja.

"Kaka yangu na mimi," nikasema, "tulikuwa tunashuka mlima Busunzu."