Grafu ya presha na daftari la majani chai

Kwa muda mrefu nimetaka kuandika kuhusu jambo hili nikawa naahirisha, kwa sababu kila nikianza naona aibu kidogo. Mimi ni mtengenezaji wa programu. Kazi yangu ni kuchukua takwimu za watu na kuzipanga zikae vizuri. Mwaka 2023 nilifanya kazi hiyo kwa mama yangu mzazi, na nusura nimuumize. Haya basi, wacha nisimulie tangu mwanzo.

Wanaonifahamu wanajua ugonjwa wangu: napenda kujirekodi. Niliwahi kuandika skripti ya Python inayosoma ujumbe wote wa M-Pesa kwenye simu yangu na kuniambia kila mwezi nimetumia pesa ngapi kwa bodaboda. (Jibu lilinifanya nianze kutembea kwa miguu.) Simu inahesabu hatua zangu, saa ya mkononi inahesabu mapigo ya moyo na saa za kulala. Watu wa aina yangu wako wengi duniani. Mwaka 2007 Wamarekani wawili wa jarida la Wired, Gary Wolf na Kevin Kelly, waliupa mtindo huu jina na kuanza kuwakutanisha watu wanaojipima.

Lakini si jambo jipya hata kidogo. Daktari Mwitalia, Santorio Santorio, alijitengenezea kiti kilichoning'inia kwenye mizani. Kwa takriban miaka 30 alikuwa akipima uzito wake, chakula alichokula, na vyote vilivyomtoka. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1614. Aliona kwamba vinavyotoka na kuonekana ni vichache kuliko vilivyoingia, na kwamba sehemu kubwa hupotea kwa ngozi na pumzi bila mtu kuiona. Mkumbukeni huyu mzee na mizani yake, tutamrudia.

Sasa tuje kwa mama. Anaishi Nyamira, upande wa Kebirigo, kwenye shamba dogo la majani chai. Mimi nafanya kazi Kisii mjini. (Sisi Wakisii mama tunamwita "baba", na baba tunamwita "tata", kwa hivyo mkiona nimemwita baba hapa chini msidhani nimekosea.) Machi mwaka ule alipimwa presha ikawa juu, 162 kwa 98. Akaanzishiwa dawa iitwayo amlodipini, miligramu 5 kila siku.

Nikaona hapa pana kazi yangu. Nilinunua kifaa cha betri cha kupimia presha, kile cha kufungwa mkono wa juu, kwa sababu vile vya kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi. Nikasoma namna ya kupima nyumbani: mtu akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo. Apime mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja. Ukanda ukiwa mdogo kuliko mkono wake, kifaa husoma juu kuliko ukweli. Pia nikajifunza kwamba wastani wa nyumbani unaoanzia 135 kwa 85 huhesabiwa kuwa juu, wakati kwa daktari kipimo kinachotumika sana ni 140 kwa 90, maana watu wengi presha hupanda wakimwona tu mtu mwenye koti jeupe.

Mama hana simu kubwa, ana kabambe. Hiyo haikunisumbua. Kila asubuhi na jioni alikuwa ananitumia ujumbe mfupi wenye namba mbili tu, kwa mfano "142 86". Simu yangu ya zamani ilipokea ujumbe, skripti ikachambua namba, ikazihifadhi, ikatoa wastani wa wiki na kuchora grafu. Mstari ukiwa juu ya kipimo unakuwa mwekundu, ukiwa chini unakuwa kijani. Kila Jumapili jioni grafu ilijituma yenyewe kwenye kundi la WhatsApp la familia. Tuko ndugu watano, mmoja yuko Doha, na wote walifurahi sana. Mimi ndiye niliyefurahi zaidi.

Aprili wastani ulikuwa 142 kwa 86. Bado juu. Mei dozi ikaongezwa hadi miligramu 10, na mwisho wa mwezi tukawa na 128 kwa 78. Kijani! Julai ikafika 118 kwa 72. Niliangalia mstari ule ukishuka kama barabara ya lami mpya, nikajipongeza peke yangu ofisini.

Agosti nilienda nyumbani kwa shughuli ya mazishi ya jirani. Nilimkuta mama amekaa nje ya jikoni, hajaenda shambani, na siku ile ilikuwa siku ya kuuza majani. Nikauliza, akasema amechoka kidogo. Kando yake lilikuwapo daftari lake la kilo.

Daftari hili nimeliona tangu nikiwa mtoto. Ni daftari la shule, la mistari, na risiti za kituo cha kununulia majani zimebanwa katikati. Kila siku ya kuchuma anaandika tarehe na kilo. Anafanya hivyo ili bonasi ikija mwisho wa mwaka ajue mwenyewe alipeleka nini, asitegemee mahesabu ya mtu mwingine. Pembeni huandika neno moja au mawili: mvua ya mawe, kilio, mbolea imefika. Hakuna aliyemfundisha. Nililifungua kwa mazoea tu, bila kutafuta kitu.

Aprili: kilo 17, 18, 16. Juni: kilo 11, 12, 10, na pembeni "miguu mizito". Julai: kilo 8, 7, na pembeni "kizunguzungu, nimekaa chini ya mti". Siku moja hakuna kilo kabisa, kuna neno "nimeanguka".

"Baba, miguu imekuwaje?"

Akavuta leso juu kidogo. Miguu ilikuwa imevimba. Nilibonyeza kwa kidole, pakabaki shimo.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, na mimi nawasiliana naye mara mbili kwa siku. Jibu lake sitalisahau. "Mwanangu, wewe uliniomba namba. Nimekupa namba. Na nikikuambia wewe nimewaambia wote. Dada yako alinipigia kutoka Doha kunigombeza kwamba presha ya Jumanne ilikuwa juu. Nani alimwambia mambo ya mwili wangu?"

Nilinyamaza. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inasema taarifa za afya ni miongoni mwa data nyeti, na kwamba mwenye data ana haki ya kujua inatumikaje. Kazini nimeisoma, wateja wangu nimewasumbua nayo. Sheria hiyo haigusi mambo ya nyumbani ya mtu na familia yake, kwa hivyo sikuwa nimevunja kitu mbele ya korti. Lakini kwa mteja nisingethubutu kutuma taarifa za mtu kwa watu wengine watano bila kumwuliza. Kwa mama yangu nilituma kila Jumapili. Naye akafanya anachofanya mtumiaji yeyote asiyeuamini mfumo: aliupa kile kidogo ulichodai, yaliyobaki akaandika mahali pengine.

Jioni ile, kwa ruhusa yake, nilikaa na daftari na kuingiza kilo zote kwenye jedwali. Nilikuwa na wasiwasi mmoja. Julai ni baridi kwetu na majani hupungua, huenda ni hali ya hewa tu. Kwa hivyo niliomba kuona risiti za jirani anayechuma siku zilezile. Yeye alikuwa ametoka wastani wa kilo 19 hadi 15 tangu Aprili. Mama alikuwa ametoka 17 hadi chini ya 8. Baridi ilichukua sehemu yake, lakini haikuchukua yote.

Jumatatu tulienda hospitali, mimi na grafu yangu, mama na daftari lake. Tabibu alitazama grafu kwa sekunde chache akaiweka kando. Daftari alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akauliza dawa zote anazomeza. Hapo ndipo nilipojua kwamba miguu ilipovimba, mama alienda mahali pengine akapewa vidonge vya kutoa maji mwilini. Mimi sikujua, na kwenye mfumo wangu hapakuwa na nafasi ya kuandika dawa.

Alitueleza kwa utulivu. Amlodipini hupanua mishipa ya damu, ndiyo maana presha inashuka. Lakini kwa baadhi ya watu maji huvuja kutoka kwenye mishipa midogo na kukusanyika miguuni, na hilo hutokea zaidi dozi ikiwa kubwa. Vidonge vya maji havisaidii sana uvimbe wa aina hiyo. Vinamfanya mtu aende haja usiku kucha, na presha inashuka zaidi anaposimama. Dawa ya pili ilikuwa inatibu madhara ya dawa ya kwanza.

Kisha akampima mama akiwa amekaa: 118. Akamwambia asimame, akampima tena baada ya dakika mbili: 94. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ni hatari ya kuanguka. Nilihisi damu ikinipanda usoni. Kwa miezi mitano nilikuwa nimempima mama akiwa amekaa, ameegemea, ametulia, sawasawa kama maelekezo yanavyosema. Lakini yeye maisha yake ni kusimama kwenye mteremko na kikapu mgongoni. Takwimu zangu zilikuwa sahihi kabisa, ila zilikuwa za mwanamke aliyekaa.

Tabibu aliondoa vidonge vya maji, akarudisha amlodipini kwenye miligramu 5, na kuongeza dawa ya aina nyingine kwa kiasi kidogo. (Tafadhali, ndugu msomaji, usiache wala kupunguza dawa ya presha kwa kusoma maandishi yangu. Peleka daftari lako kwa anayekutibu.) Kufikia Oktoba wastani wa nyumbani ulikuwa 131 kwa 80. Mstari wa grafu ulipanda na kukaribia wekundu. Na kilo zikawa 14, 15, siku moja 17.

Kwa hiyo kama unataka kuanza kurekodi afya yako au ya mzazi wako, mimi nashauri hivi. Rekodi namba, ndiyo, lakini kando yake weka kitu kimoja ambacho mtu huyo hufanya kila siku na anakijali: kilo za majani, ndoo za maji, safari ya kwenda kanisani, idadi ya mistari ya mahindi aliyopalilia. Acha nafasi ya maneno, wala usiyageuze kuwa vitufe vya kuchagua. Andika kila dawa, pamoja na iliyotoka kwingine. Na kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, muulize mwenye mwili nani ataona. Asipokuamini utapata namba nzuri, lakini ukweli hutaupata.

Nilisema tutamrudia Santorio. Kinachonivutia kwake sasa ni kwamba mizani ilikuwa yake, mwili wake, na swali lake mwenyewe. Mama naye ni vivyo hivyo: mizani iko kituoni, lakini swali ni lake na daftari ni lake. Aliyejipachika katikati ni mimi.

Ile grafu ya Jumapili niliizima. Siku hizi mama hunipigia anapotaka, ananisomea kutoka kwenye daftari: kwanza kilo, halafu presha akikumbuka. Ananiambia pia lipi niwaambie wenzangu na lipi nisiwaambie. Mara ya mwisho alisoma kilo 16, akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba mvua ya mawe imepiga upande wa juu na kesho hatachuma. Nilitaka kuuliza presha. Nikauliza kwanza kuhusu majani.