Wali, samaki na sufuria iliyomwagwa: wateja wa restora za Kindu wanasema nini

Kindu, jimbo la Maniema. Saa sita ya mchana, restora moja ndogo ya komine ya Kasuku, karibu na mto, imejaa. Kuna meza tatu, viti vya plastiki, turubai juu ya kichwa na moshi wa makala. Karatasi ya kuonyesha vyakula haipo. Mama mpishi anasimama mlangoni na kutangaza mwenyewe: "Leo kuna wali na samaki, wali na maharagi, ugali na sombe. Nyama imekwisha."

Kwenye meza ya katikati wameketi watu wanne: mwalimu wa sekondari, motari wawili na mfanyabiashara mmoja aliyeshuka na ndege kutoka Kinshasa wiki hiyohiyo. Ni yeye aliyeanzisha maneno. Alisema kwamba kule Gombe rafiki yake alimpeleka kula kwenye restora ya chakula cha Kijapani. Walikula sushi.

"Ni nini hiyo?" motari mmoja akauliza.

"Wali na samaki."

Meza nzima ikacheka. "Papa, umepanda ndege mpaka Kinshasa kwenda kula wali na samaki? Na hapa unakula nini?"

"Samaki mbichi," mfanyabiashara akajibu.

Kicheko kikakatika. Motari wa pili akaangalia sahani yake, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba samaki wake alipita kwenye moto.

Kwa mkaaji wa Kindu, wali na samaki si kitu cha kuelezwa. Mto Lualaba, ambao kuanzia Kisangani watu wanauita Kongo, unapita katikati ya mji. Komine za Kasuku na Mikelenge ziko upande mmoja, Alunguli iko ng'ambo, na mitumbwi inavuka kutwa nzima na watu, baiskeli na vikapu. Mpunga nao una historia yake. Ulienea Maniema katika karne ya 19 na watu waliotoka pwani ya mashariki, waliojenga makao yao Nyangwe na Kasongo. Walileta Kiswahili na mpunga pamoja, na vyote viwili vimebaki mpaka leo.

Lakini hata huko Asia, sushi haikuanza kama chakula cha watu wenye pesa. Zamani watu walipanga samaki wenye chumvi ndani ya wali uliopikwa, wakawaacha miezi mingi ili wasioze. Wali ulichacha, ukatupwa, na samaki akaliwa. Ilikuwa njia ya kuhifadhi chakula, kama sisi tunavyokausha samaki kwa moshi. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, wauzaji wa barabarani walianza kufinyanga wali wenye siki na kuweka kipande cha samaki juu. Mteja alikula kwa mkono, akalipa, akaenda zake. Kwa maneno mengine, ilikuwa restora ya turubai kama hii ya Kasuku.

Mtu asijaribu mambo hayo na samaki wa Lualaba. Samaki wa mtoni anaweza kubeba minyoo ambayo moto unaiua, lakini siki na pilipili haziiui. Huko wanakokula mbichi, samaki wengi wanagandishwa kwanza. Sheria za afya za Marekani, kwa mfano, zinataka baridi ya digrii 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Katika mtaa ambako umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, friji ya namna hiyo ni ndoto.

Walipomuuliza kama ilikuwa tamu, mfanyabiashara alisema kweli: kipande cha kwanza alikisukuma na maji. Kilichomfurahisha ni mapokezi. Walimletea kitambaa chenye maji ya moto cha kupangusa mikono. Walimweleza kila kitu kinaitwaje na kinaliwa namna gani. Mpishi alikata samaki mbele ya macho yao. "Nilimwona samaki kabla hajawa chakula changu," alisema.

Neno hilo ndilo lililofungua midomo ya wengine.

Mwalimu alisimulia siku aliyokula kwenye restora nyingine, mbali na hapo. Samaki alikuja amezama ndani ya mawese na pilipili, mpaka machozi yakamtoka. Alidhani mpishi ana mkono wa pilipili. Usiku ule hakulala, na kesho yake wanafunzi wake walikaa bila somo. "Pilipili ile haikuwekwa kwa ajili ya utamu," alisema. "Iliwekwa kuficha harufu."

Motari wa kwanza alikuwa na lake. Yeye anakula haraka kwa sababu pikipiki iliyosimama haileti faranga. Lakini mara nyingi mtu mwenye koti akiingia nyuma yake, sahani inapelekwa kwa mwenye koti kwanza. "Njaa yake ina shahada, yangu haina?" aliuliza. Mwenzake akaongeza habari ya chenji: unatoa noti kubwa, unaambiwa urudi kesho, na kesho anayehudumu ni mtu mwingine asiyekujua. Au unarudishiwa noti iliyochanika ambayo hakuna mtu sokoni atakayeipokea.

Muda wote huo mama mpishi alikuwa akigawa wali, lakini masikio yake yalikuwa mezani. Alipomaliza, alivuta kiti na kuketi. Alisema maneno yao ni ya kweli, lakini wamezungumza upande mmoja tu.

Kisha akasimulia. Anaamka kabla ya jua kwenda kungojea mitumbwi. Mvuvi akikosa, bei inapanda. Barafu haipo. Samaki aliyenunuliwa saa kumi na mbili ya asubuhi, ikifika saa saba jua limekwisha kumchosha kama hakupikwa. Siku moja, miezi miwili iliyopita, alichelewa kuwasha moto kwa sababu makala yalikuwa na maji ya mvua. Alipika hivyohivyo. Watu wanne walikuwa wamekwisha kula wakati mzee mmoja, aliyekuja na mjukuu wake, alipoonja kijiko kimoja tu. Alimzuia mtoto kwa mkono. Hakupiga kelele. Alimwita mama kwa sauti ndogo: "Mama, samaki huyu amechoka."

Mama akaonja. Mzee alikuwa na haki.

Ndani ya sufuria mlikuwa na sahani karibu ishirini. Kwa pesa za sahani hizo alitaka kulipa minervali ya binti yake, aliye katika mwaka wa tano wa sekondari. Tangu mwaka 2019 masomo ya shule ya msingi ya serikali hayalipiwi, lakini ya sekondari mzazi bado anayalipia. Limao lilikuwepo, na pilipili pia. Restora ilikuwa imejaa, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa amesikia maneno ya mzee.

"Nilisimama pale na mwiko mkononi," alisema. "Niliona mtoto wangu akirudishwa nyumbani. Halafu nikamwona yule mjukuu."

Alibeba sufuria nyuma ya nyumba na kuimwaga ndani ya shimo. Wale wanne waliokwisha kula aliwarudishia pesa zao. Mmoja alikataa kuzipokea. Siku ya kwanza ya juma lililofuata binti yake alifukuzwa shuleni, akakaa nyumbani siku tatu, akakosa mtihani mmoja. Mpaka leo alama hizo hajazipata.

Meza ilinyamaza. Mwalimu aliuliza kama mzee alirudi.

"Alirudi baada ya wiki moja," mama alijibu. "Aliketi mahali palepale. Akaomba maharagi."

Hapo wote wakacheka, na mama mwenyewe akacheka kuliko wote. Lakini tangu siku ile anaweka beseni mlangoni, samaki wakiwa wabichi, kila asubuhi. Mteja anaangalia kama jicho linang'aa na kama mashavu ni mekundu. Anabonyeza kwa kidole, na nyama ikirudi juu anaonyesha: huyu. Mteja anangoja zaidi kidogo, na wengine wanaondoka kwa sababu hawana muda. Waliobaki wanakula bila wasiwasi. Restora ya Gombe ina kisu na kitambaa cha moto. Ya Kasuku ina beseni. Lakini mteja anapewa haki ileile.

Alipotaka kusimama, mama alitoa daftari kutoka mfukoni mwa kitenge chake. Ni daftari la madeni, lenye majina na tarehe. Kuna wafanyakazi wa serikali wanaongojea mishahara, kuna vijana wa bandarini, na kuna wengine ambao sasa wanapita barabara ya nyuma ili wasionekane.

"Papa mwalimu," alisema kwa adabu, "umeongea vizuri sana juu ya watu wanaopika. Sasa tuongee kidogo juu ya watu wanaokula."

Motari waligonga meza kwa kicheko. Mwalimu naye alicheka, akainamisha kichwa, akaingiza mkono mfukoni. Alitoa noti mbili. Hazikumaliza deni. Mama alizinyoosha juu ya goti, akaandika, akamwonyesha alichoandika. Kisha akarudi kwenye moto, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama mteja mwingine, ameinama juu ya beseni.